Dola ya EBT kuzidishwa mara mbili kwenye soko la wakulima: inamsaidia nani hasa?

Mtoa mada

Wadau mlioko Marekani habari za wikiendi, kuna jambo linanikera kitambo nikaona nilitupe hapa tubishane. Familia nyingi za kwetu zikifika huku zinaanzia kwenye SNAP, msaada wa chakula wa serikali, ile ambayo wazee mpaka leo wanaiita fudstempu, unapewa kadi ya EBT unaswaipu dukani maisha yanaenda. Sasa kwenye masoko ya wakulima kuna mpango wa kuzidisha unaitwa Double Up Food Bucks, ukitoa dola 10 kwenye kadi wanakuongezea 10 nyingine za kununulia matunda na mboga. Ulianzia Detroit 2009, na sheria ya kilimo ya 2014 ikaingiza hela ya serikali kuu kwenye mipango ya aina hii, siku hizi iko majimbo mengi. Hapo sina ugomvi kabisa.

Ninachouliza, kwa nini wakazanie soko? Hapa Kansas City soko la karibu na kwetu ni Jumamosi asubuhi, mchana watu wanakunja meza, na Jumamosi hiyo hiyo nusu ya Wakongo na Warundi ninaowajua wako shifti. Ukifika Januari ndo hamna kitu. Halafu bei, jamani, nyanya za pale ukilinganisha na za Walmart unaona kabisa ile dola ya nyongeza imeishia kuziba tofauti ya bei, yaani mnufaika ni muuzaji, maskini katumika kama njia tu ya kupitishia hela. Mimi nasema nyongeza ifuate mboga, popote mtu atakapoinunua.

Na sijagusa mambo ya tokeni. Unaenda kwenye hema la wasimamizi, unaswaipu, unahesabiwa vidude vya mbao mkononi kisha ndo uzunguke navyo meza kwa meza, na ukinunua kitu cha dola 3 na una tokeni ya 5 chenji hurudishiwi maana sheria hairuhusu, basi unaongezewa bizari usiyoihitaji. Mama yangu mdogo alienda mara moja akasema harudi, watu wanamwangalia.

Mama Lengalenga

Mdogo wangu nimekusoma vizuri, umesema mnufaika ni muuzaji. Muuzaji mwenyewe ndo mimi sasa, Mrundi, nimepita mafunzo ya kilimo ya wakimbizi, New Roots for Refugees, pale Juniper Gardens ng'ambo upande wa jimbo la Kansas, mradi uko tangu 2008 na umetoa wakulima wa Burma, Bhutan, Somalia, Congo na sisi. Nauza lengalenga, matembele, ngogwe, majani ya maboga. Hebu niambie Walmart gani ina lengalenga? Ukitaka sombe unaenda duka la Waafrika unakuta ya kwenye friza imegandishwa, inauzwa bei kali na hakuna anayekuzidishia hata senti. Wanaokuja mezani kwangu na tokeni ni mama zetu hawahawa, bila zile tokeni mboga hizi ningemuuzia nani, Wamarekani wananiuliza hili nalo linaliwa?

Usidhani hela naipata palepale pia. Jioni nahesabu tokeni, narudisha kwa wasimamizi, nasubiri cheki. Kwa hiyo usumbufu tunagawana, na navumilia.

Mama yako mdogo mwambie aje kwangu, tutaongea Kirundi ama Kiswahili, nani atamwangalia?

Mdau wa Michigan

Mtoa mada, kwani lazima iwe ama soko ama supamaketi? Huku Michigan kulikoanzia kuna magrosari yana Double Up mwaka mzima, unapata pointi kwenye kadi bila tokeni wala hema. Ulizieni na huko.

Msomaji

Hilo la "mnufaika ni mkulima" mnaliongea kana kwamba ni ujanja uliogunduliwa jana. Programu yenyewe ya fudstempu ilizaliwa hivyo. Mwaka 1939 walipoijaribu Rochester, New York, ulikuwa unanunua stempu za rangi ya chungwa za dola 1 unapewa za bluu za senti 50 bure, za chungwa unanunulia chakula chochote lakini za bluu ni kwa mazao ambayo serikali imetangaza yamezidi. Mkulima kakosa soko, mtu wa mjini kakosa chakula, wakawaunganisha. Mambo ya kumwangalia mlaji peke yake msiyatafute huko, hayakuwepo.

Mtoa mada

Sawa Msomaji, ila mkulima wa 1939 alikuwa na mlima wa mazao yanaoza. Soko la vitongoji vya matajiri lenye jibini la mbuzi na mpiga gitaa halina shida hiyo. Mama Lengalenga wewe nakuunga mkono, heshima yako, ila wauzaji wa aina yako kwenye soko letu ni wangapi? Nyongeza ingekuwa kwa wakulima wadogo kama wewe nisingefungua mdomo.

Mpya Mjini

Naomba niwatoe huko juu kidogo. Ile sheria aliyosaini Trump tarehe 4 Julai 2025 imewatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka mtu apate grinikadi, na mkimbizi anaruhusiwa kuiomba akishamaliza mwaka mmoja hapa, bado kuisubiri itoke. Kwa hiyo aliyeshuka ndege juzi na watoto wanne hana hata hiyo dola ya kuzidishwa, na ndo huyo huyo aliyekuwa mteja wa lengalenga. Mnabishania nyongeza wakati cha mwanzo kimeshakatwa.

Mama Lengalenga

Mpya Mjini umesema kweli, msimu uliopita mezani kwangu nimeona pengo, wengine wakija nawafungia tu fungu wanaenda, nitafanyaje.

Mtoa mada, wenye kadi bado wapo, na wengi hawajui kwamba EBT inanunua mbegu na miche ya chakula, iko hivyo tangu miaka ya 70. Mwezi wa tano nitakuwa na miche ya ngogwe na nyanya. Anayefanya kazi Jumamosi aniambie hapa, nitamuulizia wasimamizi kama wanaweza kumswaipia siku nyingine.

Mdau wa Michigan

Na pilipili mbuzi je, miche unayo?