Nimeng'atwa usiku hosteli kisiwani na niko peke yangu: ni mbu au kunguni?

Mwali_Safarini:
Habari zenu wakuu. Hii ni safari yangu ya kwanza bila mtu. Kisiwa na hosteli sivitaji, bado sina uhakika na sitaki kumharibia mtu jina. Nimelipia siku nane, chumba cha watu sita, vitanda vya dabo deka. Mimi nimepewa cha chini, upande wa ukutani.

Jana niliamka na vipele vitatu mkono wa kushoto, vimejipanga mstari. Nikasema mbu hao. Leo viko shingoni, na mgongoni kunawasha, ila mgongo wangu siuoni. Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Nyumbani ningemwita dada yangu, "hebu nitazame hapa." Huku wenzangu chumbani nawajua kwa majina tu.

Kijana wa mapokezi kasema ni mbu, nijipake dawa. Lakini shuka lina vidoa vya damu, vidogo kama ncha ya kalamu. Nitajuaje? Nihame nipoteze hela yangu? Na begi limekaa chini ya kitanda siku zote hizi.

Kaka_Mlinzi:
Pole dada. Nunua dawa ya kupuliza, pulizia godoro lote, lala.

MamaShuka:
Hapana, asipulizie godoro atakalolalia. Ataivuta yeye usiku kucha, na kunguni wengi siku hizi wamezizoea dawa za dukani.

Mdogo wangu, nimetandika vitanda vya wageni miaka mingi, nisikilize. Vipele peke yake havitoshi kukupa jibu. Mtu mmoja anavimba siku hiyo hiyo, mwingine vinamtokea baada ya wiki, mwingine havimtokei kabisa. Kwa hiyo ukisikia "wenzako mbona hawalalamiki", usikubali kuwa ndiyo ushahidi.

Kagua kitanda. Washa tochi ya simu, vua shuka pole pole kuanzia kichwani. Tazama mshono wa godoro, ule ukingo ulioshonwa kama kamba: ufungue kwa vidole viwili, inchi kwa inchi. Unatafuta vidoa vyeusi kama wino uliopenya kwenye kitambaa. Hicho ni kinyesi chao. Kikilowa kidogo kinaacha rangi ya kutu. Tafuta pia maganda mepesi ya rangi ya kahawia, wanayavua wanapokua. Kunguni mzima ana milimita 5 hadi 7, bapa, utamwona kwa macho. Kisha angalia matundu ya skrubu kwenye mbao, na chini ya kitanda cha juu yako. Watu husahau kutazama juu.

Ukikuta, piga picha kabla ya kugusa chochote, ndipo umwite msimamizi. Na usimwonee haya: kunguni hawaji kwa uchafu, wanakuja kwa mabegi. Hata hoteli ya gharama inawapata.

Nahodha77:
Kabla hujahukumu kitanda, jioni unakaa wapi? Ukikaa mchangani jua linapozama, usubi watakumaliza miguuni. Ni wadogo hata huwaoni.

Mwali_Safarini:
Miguu yangu ni mizima kabisa, kaka. Ni mkono, shingo na huo mgongo.

Daktari_Mtarajiwa:
Niongeze la afya. Kunguni hawajulikani kuambukiza watu ugonjwa, kwa hiyo hilo likupe usingizi kidogo. Mbu ndio wa kuogopa visiwa vya joto: wa malaria anauma usiku, wa dengi anauma mchana, hasa asubuhi na jioni. Jipake dawa saa zote, omba chandarua. Ukipata homa, hata ukiwa umesharudi nyumbani, nenda kapime na useme ulikuwa wapi. Kabla hujapima usinywe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengi zinaongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli inafaa.

Kaka_Mlinzi:
Nimejifunza, MamaShuka. Dada, la dawa nalifuta.

Bi_Mkoba:
La begi: litoe chini ya kitanda sasa hivi, liweke bafuni kwenye vigae, mbali na kitambaa. Nguo zote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mashine ya kukausha kwa joto kali nusu saa. Joto ndilo linalowaua pamoja na mayai. Kuanika juani usikutegemee, wanahamia kwenye mikunjo ya kivuli.

Na mgongo, mwombe mwenzako wa chumbani akutazame. Nimelala hosteli nyingi peke yangu, na sijawahi kumwomba mwanamke mwenzangu jambo kama hilo akakataa. Pengine na yeye anajikuna kimya kimya.

Mwali_Safarini:
Nimerudi wakuu. Mshono wa upande wa ukutani ulikuwa na vidoa vyeusi, kama kumi vimekaa pamoja, na ganda moja. Nilitetemeka, lakini nikapiga picha kwanza.

Halafu nikamwomba binti wa kitanda cha juu. Nikanyanyua blauzi, akahesabu kwa sauti hadi saba, kisha akakunja mkono wa shati lake akanionyesha vyake vinne. Alikuwa anadhani ni mzio wa sabuni. Tulishuka mapokezi wawili. Msimamizi kaziona picha, kafunga chumba, na katurudishia hela za siku zilizobaki.

Tumepata vyumba viwili vinavyopakana nyumba nyingine. Godoro nimelikagua kabla sijaweka hata kofia. Nguo ziko kwenye mashine. Bi Mkoba, viatu vya ngozi navyo nifanyeje? Joto litaviharibu.

Bi_Mkoba:
Vifunge kwenye mfuko, uvitie kwenye friza yenye baridi kali kabisa siku nne. Waombe jikoni.