Elektrolisisi ya kutu (kutoa kutu kwa umeme ndani ya maji): chaja haivuti umeme na kutu inatoka upande mmoja tu

Nati_Kavu
Wakuu, naomba msaada. Nina jiliwa la inchi 4 lililoshikana kwa kutu. Nimelifungua, nikatumbukiza taya lake kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye maji na vijiko 5 vya mezani vya magadi. Chaja ni ya betri ya gari, 12 V, 6 A, ile nzito yenye transfoma na mshale. Hasi iko kwenye taya, chanya kwenye kipande kimoja cha nondo ya mm 12.

Saa 5 zimepita, mshale uko 0.3 A na viputo ni vya kuhesabu. Upande unaotazama nondo umeanza kuwa mweusi, wa nyuma uko vilevile. Niongeze magadi? Na kwa kuwa nondo inaliwa, naweza kuweka kipande cha stenlesi badala yake? Kuna kisu cha randa nacho kinasubiri zamu.

Msasa120
Magadi yanatosha mkuu. Kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 ndicho kipimo, na wewe umeshafika hapo. Usije ukajaribu kostiki soda ukidhani ni dawa kali zaidi, itakuunguza ngozi na macho bila faida yoyote.

Ninachoshuku ni kibanio chako cha hasi kukaa juu ya kutu, na kutu haipitishi umeme vizuri. Hakikisha hivi: maltimita (kipima umeme) iwe kwenye volti za DC, ncha moja iguse kibanio cha hasi, ya pili uikwaruze kwenye taya lenyewe mpaka ikute chuma. Ikisoma sehemu ndogo tu ya volti, kibanio ni kizima. Ikisoma volti kadhaa, basi hizo zinapotea pale pale kwenye meno ya kibanio na haziingii majini. Zima chaja, piga tupa sehemu ya ukubwa wa kidole gumba hadi chuma king'ae, kisha bana upya.

Kibanio cha chanya kisiguse maji kabisa. Kikizama kitaliwa, na kama kina shaba, shaba itahama na kupaka taya lako.

Kuhusu upande mmoja: kazi inafanyika zaidi pale taya na nondo vinapotazamana. Zungushia nondo 4, uziunganishe juu kwa waya, sm 5 hadi 8 kutoka kwenye taya, na hata moja isiguse, maana hiyo ni shoti. Ziongeze moja moja ukitazama mshale. Huna haja ya kufika 6 A, kwa taya hilo 2 hadi 4 A zinatosha. Ukiona inazidi, sogeza nondo mbali au inua moja kidogo.

Chanya_Hasi
Stenlesi hapana, tafadhali. Ndani yake kuna kromiamu, na ikiwa upande wa chanya inaweza kutoka kama kromiamu ya valensi 6, ambayo ni sumu na husababisha saratani. Tope la rangi ya kahawia au chungwa ni kutu tu, halina shida. Maji yakigeuka njano angavu huku umeweka stenlesi, hayo si ya kumwaga ovyo wala kuchovya mkono.

Mabati na chochote chenye zinki acha pia. Chumvi badala ya magadi ni kosa jingine: inatoa gesi ya klorini, na mabaki yake yanaendelea kula chuma ukishamaliza.

Nondo kuliwa ndiyo kazi yake, chuma chakavu kipo tele. Ila ikijifunika gamba la kutu mshale utashuka, kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa zima, itoe, ipige brashi, irudishe. Ukichoka na hilo tumia grafaiti (kaboni kama ya penseli). Haina tope la kutu, lakini humomonyoka kidogo kidogo.

Na angalia tena rangi za nyaya kabla ya kuwasha. Ukigeuza, jiliwa ndilo litakaloliwa.

Ndoo_Wazi
Naongeza usalama. Vile viputo kwenye taya ni hidrojeni, kwenye nondo ni oksijeni. Ndoo usiifunike, fanyia mahali penye upepo, mbali na moto na mashine ya kusaga chuma. Cheche zinazoruka ukichomoa kibanio chaja ikiwa inawaka zinatosha kulipua povu lililokaa juu ya maji. Zima kwanza ukutani, ndipo ushike.

Kwa wengine watakaosoma: chaja za kisasa za kielektroniki nyingi hupima betri kwanza, zisipoikuta hazitoi kitu. Ukiona sifuri kabisa, huenda si kibanio, ni chaja. Ya mleta mada ina transfoma, hilo halimhusu.

Nati_Kavu
Nimepima: 9 V kati ya kibanio na taya! Baada ya kupiga tupa mshale umeruka hadi 2 A kwa nondo ileile moja. Viputo sasa vinachemka. Weusi uliobaki mbona hautoki? Na kile kisu cha randa?

Msasa120
Weusi si kutu nyekundu tena, umegeuzwa na haujashikilia. Usisubiri udondoke wenyewe. Toa taya likiwa bado limelowa, suuza, sugua kwa brashi ya waya, utaondoka kama masizi. Ukikauka unashika zaidi. Palipobaki kahawia rudisha ndoo saa nyingine kadhaa. Mashimo yaliyochimbwa na kutu yatabaki, umeme haurudishi chuma kilichokwisha kuliwa.

Ukimaliza usiende kunywa chai. Chuma kilicho uchi huanza kuwa na vumbi la chungwa ndani ya dakika. Suuza kwa maji ya moto ili kikauke haraka, futa, pitisha hewa ya moto kwenye matundu ya skrubu, kisha mafuta au praima papo hapo.

Kisu cha randa ni chuma kilichofanywa kigumu kwa moto, na hidrojeni inaweza kuingia ndani na kukifanya kivunjike kirahisi. Kama kutu ni ya juu juu, msasa na mafuta vinatosha. Springi na bolti za nguvu kubwa, hasa za breki au za kubeba mzigo, usizitumbukize kabisa.

Chanya_Hasi
Alumini nayo usiizamishe, magadi yanaila hata bila umeme. Na kabla ya kurudisha taya, toa grisi yote kwenye nyuzi za skrubu. Chini ya grisi umeme haufiki, utakuta kutu imekaa palepale.

Maji usiyamwage kila mara, magadi hayaishi. Maji yakipungua ongeza maji matupu.