Nikon F nyeusi mbili: ipi ina rangi ya kiwandani?

KibokoniPicha: Assalaam alaykum wapendwa. Nimeonyeshwa kamera mbili za filamu, Nikon F nyeusi, hapa Mji wa Kale, nami nataka iliyopakwa rangi kiwandani, si iliyopakwa baadaye. Ya kwanza rangi imelika, shaba inang'aa kila kona, na muuzaji asema huo ndio ushahidi kwamba rangi ni ya kiwandani. Ya pili imefifia tu, ina mikwaruzo michache, na bei iko juu. Moyo wangu uko kwa ya kwanza. Mwasemaje?

FundiTudor: Shaba peke yake isikuridhishe, ndugu yangu. Kamera ya kromu ikipakwa nyeusi juu kwa juu, rangi ikilika utaona weupe wa fedha wa kromu kwanza, ndipo shaba. Ila fundi mwenye subira huikwangua kromu yote kabla ya kupaka, na hapo shaba hutokea kama ya kiwandani. Halafu kuna msasa, wa kuichakaza kamera makusudi ionekane kongwe. Kamera iliyotumika huchakaa panapopita mkono: kwenye wenzo wa kuvutia filamu, penye kidole gumba, penye pete za mkanda. Kona zote kulika sawasawa, hapo mimi huingiwa na shaka.

BintiMakadara: Tazama maandishi ya juu. Ya kiwandani yana kingo kali. Kamera ikipakwa upya, rangi huingia ndani ya mchongo na herufi huonekana kama zimevimba. Kama huna kioo cha kukuza, chomoa lenzi ya 50mm, igeuze nyuma yake ielekee herufi, uchungulie kwa mbele. Yatosha kabisa.

LikoniFeri: Mimi ningeanza na namba iliyochongwa kwenye kamera. Kwa mfano kamera za Leica M3 zenye namba 959401 hadi 959500 zajulikana zilitoka nyeusi.

FundiTudor: Kwa Leica sawa, ingawa hata Leitz wenyewe, watengenezaji wa Leica, waliwapakia wateja kamera zao upya. Kwa F, fungua mgongo. Hutoka mzima pamoja na kitako. Kagua kingo za ndani, pale msasa haukufika.

KibokoniPicha: Nimetoka huko sasa hivi. Ya kwanza, ukingo wa ndani wa mgongo rangi imemeguka kama ukucha, na chini yake weupe wa fedha mtupu.

BintiMakadara: Mgongo waweza kuwa wa kamera nyingine, kaka. Herufi je?

KibokoniPicha: Zimevimba, dada. Tundu la herufi "o" limekaribia kuziba. Ya pili herufi zakata kama wembe, na palipolika ni penye kidole gumba tu.

FundiTudor: Basi chukua ya pili. Ila lenzi yake imulike kwa tochi kwanza, unyevu wetu huu wa pwani huleta kuvu.