Naomba ushauri: yoti ya futi 36 kwa dola 9,000, nitaweza kuitunza hapa Entebbe?

Ndoto_ya_Ssese:
Salamu wakubwa kwa wadogo. Naishi Entebbe, kazi yangu ya ofisi iko Kampala, na moyo wangu miaka mingi uko ziwani, Ziwa Victoria. Sasa nimepata yoti, boti ya matanga ya kulala ndani, futi 36, imetengenezwa Marekani mwaka 2003, ina vitanda sita, jiko, choo, injini ya dizeli ya Yanmar, bei dola 9,000 ambayo kwa hela yetu ni kama milioni 33. Nataka kuhamia humo niache kulipa kodi ya nyumba, na wikendi nipeleke wageni Kalangala kule visiwa vya Ssese, wanne wanne hivi. Swali langu ni moja, kuitunza kwa mwaka itakula kiasi gani? Tafadhali msiniambie ninunue ploti, hilo nimelisikia nyumbani hadi nimechoka.

Mama_Wakiso:
Mwanangu, ploti. Kaka yangu alichukua mkopo wa SACCO akanunua Coaster, akasema itamlipa, leo ile gari imekaa nyuma ya nyumba kuku wanalala ndani na mkopo bado anaulipa. Chombo kinachotembea kinakula kila siku hata siku ambayo hakikutembea. Ardhi haikuulizi dizeli.

Nakiwogo_Boy:
Mama heshima yako lakini kauliza boti. Mimi nina mtumbwi wa mbao na injini ya Yamaha 40, tunavua mputa (sangara), gharama yangu kubwa ni petroli, na hiyo hata mwenye yoti itampata maana upepo wa hili ziwa asubuhi unalala kabisa, ukija ni mchana kutoka kusini, na usiku zinakuja radi na dhoruba ambazo hazipigi hodi. Halafu nyavu ndugu yangu, usiku nyavu ziko kila mahali hazina taa, ikikunasa kwenye pangaboi la injini utashuka majini na kisu mdomoni. Mwaka jana ilitunasa sisi nje ya Kigungu, yule kijana wangu akakataa kushuka anasema kuna mamba, tukalala pale pale mpaka kunapambazuka, kumbe tulikuwa karibu na ufuko hivi kwamba tukaanza kusikia redio ya watu.

Fundi_Mkuku:
Nimefanya kazi za yoti pwani kabla sijahamia Jinja kwa hiyo nijibu kilichoulizwa. Wenye boti wana hesabu yao ya haraka, asilimia kumi ya thamani kwa mwaka, lakini watu wanaielewa vibaya, ni asilimia ya boti NZIMA ya ukubwa huo, siyo ya ile bei ya kutupa uliyopewa. Boti ya futi 36 iliyo katika hali nzuri inaweza kufika dola 40,000 au 60,000, sasa wewe piga hesabu. Kukinunua kwa 9,000 hakukifanyi chombo kiwe cha 9,000, mahitaji yake yako pale pale. Waya zinazoshikilia mlingoti, baada ya miaka kumi hadi kumi na tano watu wa bima hawataki kuzisikia, na kuzibadilisha zote ni maelfu ya dola. Matanga nayo ni maelfu, na jua la hapa kwenye ikweta linayala usipoyafunika. Injini ikifa, mpya na kuifunga inaweza kupita hiyo bei uliyonunulia boti nzima.
Zuri la ziwa letu ni maji baridi, hakuna chumvi ya kula chuma wala wale wadudu wenye magamba wa baharini wanaoganda chini, kwa hiyo rangi ya antifaulingi, ile ya kuzuia viumbe kuganda, haikutesi kama Mombasa. Ila zile zinki za baharini, vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha boti, utazitoa ufunge za magnesiamu, na faibaglasi kupata malengelenge maji baridi hayazuii, watu wengi wanadhani yanazuia. Na magugu maji yakiingia kwenye bomba la kupoza injini imekwisha habari.
Sasa na mimi niulize. Boti iko wapi? Mkuku wake, ule uti wa chini, unashuka mita ngapi? Na nani anauza?

Ndoto_ya_Ssese:
Asante sana Fundi, hii ndiyo niliyoitaka. Mkuku ni kama mita 1.8. Iko sehemu nzuri tu, inalindwa. Kwa hiyo dola 4,000 kwa mwaka inaweza kutosha? Kodi ya nyumba peke yake nalipa karibu nusu ya hiyo.

Dada_Lutoboka:
Niko Kalangala. Mita 1.8 utahitaji kujua unapoingia, ramani nyingi za chini ya ziwa ni za enzi za mkoloni na mawe mengi hayajachorwa humo. Na usijenge matumaini kwenye gati la mtu. Mei 2020 maji yalipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita hata rekodi ya 1964, hapa magati yalizama, mahoteli yakaingia maji mpaka jikoni, na visiwa vya magugu vikawa vinatembea vyenyewe, kimoja Aprili mwaka huo kilienda kukwama kwenye bwawa la umeme la Nalubaale nchi nzima ikakosa umeme. Boti yako siku hiyo ingefungwa wapi? Halafu wale wadudu wa ziwani, sami, wakija jioni wanafunika kila kitu, utapika chai utawanywa.

Baba_Daudi_Luzira:
Kijana unaongelea wageni wanne wanne kama vile ni boda. Novemba 2018 MV Templar ilizama upande wa Mukono na watu waliokuwa wanajiburudisha, zaidi ya thelathini wakafa, na ile boti haikuwa na leseni wala hali yake haikuwa nzuri. Tangu 2021 kuna sheria ya usafiri wa majini, chombo kinasajiliwa na kinakaguliwa. Abiria wa kulipa ni roho za watu, jaketi za kuokolea siyo pambo. Wewe unajua kuogelea?

Ndoto_ya_Ssese:
Najifunza. Na leseni nitachukua, siwezi kubeba mtu bila leseni, hilo naapa.

Dereva_Malaba:
Fundi aliuliza iko wapi na nani anauza hujajibu bana. Iko ziwani au iko bahari? Maana kama ni Mombasa hiyo dola 9,000 ni mwanzo tu. Mimi napeleka mizigo, boti yenye mkuku inahitaji lobedi, lile trela la chini, mlingoti unatolewa unalazwa, kreni Mombasa ya kuipandisha, kreni huku ya kuishusha, kibali cha mzigo uliozidi, nyaya za umeme njiani, na tani sita saba siyo godoro. Kodi za Uganda unalipa kabla mzigo haujatoka Mombasa, ushuru, VAT 18%, na ile kodi ya zuio ya 6% juu yake, na wakiona bei uliyoandika ni ndogo wanaweka ya kwao.

Ndoto_ya_Ssese:
Sawa. Iko Mtwapa, kwenye yadi, imepandishwa nchi kavu. Mwenyewe ni mzungu aliileta mwaka 2001 akitokea Shelisheli, baadaye akaugua akarudi kwao na hakurudi tena. Anayeuza ni fundi aliyekuwa anamwangalizia, anadai mishahara ya miaka, na mzungu alimwambia kwa simu auze ajilipe. Sikuyasema mwanzo kwa sababu nilijua mtarukia hapo na swali langu la gharama litapotea. Fundi yule ni mtu mzima, ana familia, tumeongea kwa video mara nyingi, na nimeshampa dola 2,000 aishikilie. Mwenye nyumba wangu pia anajua natoka. Yadi ikikaa na boti ya mtu aliyeondoka, mtu akiiokoa si bora kuliko ioze?

Baba_Daudi_Luzira:
Yesu wangu.

Fundi_Mkuku:
Mdogo wangu sikiliza. Anayedai mshahara ana deni, hana boti. Yadi nayo inadai kodi ya kuiweka, na hiyo inatembea na chombo, ukinunua umenunua na deni. Na yoti ya mgeni ikiingia Kenya inaingia kwa kibali cha muda bila kulipa ushuru, siku inapouzwa pale KRA, watu wa kodi wa Kenya, wanataka chao. Bila barua ya mwenyewe na cheti cha usajili cha nchi yake hakuna mtu atakayekuandikia hati.

Mswahili_Kololo:
Wakuu mnajichosha, hii ni chai. Angalieni vizuri, kwenye posti ya kwanza boti ni ya 2003, sasa mzungu aliileta 2001. Aliileta kabla haijatengenezwa? Picha hakuna. Jina la boti hakuna. Mtu anakaa nchi isiyo na bahari anaacha nyumba akaishi kwenye boti ambayo hajaipanda. Huyu anatunga, au anataka tumzoee halafu aje na namba ya kuchangia.

Nakiwogo_Boy:
Eeh kweli, hiyo miaka mimi sikuiona.

Mama_Wakiso:
Kama anatunga basi Mungu ashukuriwe, hela ipo.

Ndoto_ya_Ssese:
Mswahili, sijaomba mtu shilingi na sitaomba. Miaka nimeandika kama nilivyoambiwa, 2003 ni yeye alisema na 2001 ni yeye alisema, siku tofauti. Ni kweli haziendani. Hela niliyotoa ni yangu ya miaka ya kazi na inaniuma kuitwa mwongo juu yake.

Fundi_Mkuku:
Hilo tunalimaliza haraka. Boti ya Marekani ina namba ya bodi, imechorwa nyuma kwenye shetri upande wa kulia, herufi na tarakimu kumi na mbili. Kama una picha ya nyuma ikuze. Usituwekee yote, weka nne za mwisho tu.

Ndoto_ya_Ssese:
Ninayo, alinitumia picha za nyuma kuonyesha ngazi. Inasomeka G889.

Fundi_Mkuku:
G ni Julai, nane ni 1988, na 89 ni mwaka wa modeli. Mswahili, huyu hatungi, anayetunga ni wa Mtwapa. Na niseme haki, umri peke yake hauiui boti, wa zamani walimwaga faibaglasi nene na bodi nyingi za miaka ile bado ziko imara. Lakini kama waya za mlingoti ni zile ilizotoka nazo kiwandani, na injini imekaa bila kuwashwa tangu mwenyewe aondoke, hiyo siyo dola 4,000 kwa mwaka, hiyo mwaka wa kwanza pekee inaweza kumeza 20,000 kabla ya lobedi. Aliyekudanganya miaka kumi na tano ya umri atakudanganya na sitaha iliyooza.

Mswahili_Kololo:
Namba imenijibu, ndugu samahani kwa la kuchangia. Lakini usitume hata senti nyingine.

Ndoto_ya_Ssese:
Yule fundi wa Mtwapa anasema kuna mteja wa Kilifi anakuja Ijumaa, nikichelewa inaondoka na ile 2,000 hairudi. Sitaki kumuona mwizi kabla sijafika. Labda hajui mwaka, yeye ni fundi wa rangi.

Dada_Lutoboka:
Mteja wa Kilifi yupo kila Ijumaa dada, samahani, kaka. Na fundi aliyeitunza miaka yote anajua kilichoandikwa nyuma yake, ndiye aliyekuwa anapaka rangi pale.

Fundi_Mkuku:
Ukienda usianzie kwake. Anzia ofisi ya yadi, uliza boti hii inadaiwa kiasi gani na barua pepe ya mwenyewe wanayo? Lazima wanayo, wanamdai. Mwandikie mzungu mwenyewe au familia yake. Wakikubali kuuza, chukua savea wa boti agonge bodi yote na nyundo, apime unyevu wa sitaha, aangalie boliti za mkuku. Hela baadaye.

Dereva_Malaba:
Nashusha Mombasa Alhamisi na Mtwapa nina shemeji, ni daraja la Nyali unapanda tu. Niambie rangi ya boti na imewekwa upande gani wa yadi, nitapita jioni kama mtu anayetafuta kazi ya kusafirisha, niulize ofisini bila yeye kujua.

Ndoto_ya_Ssese:
Nyeupe, mstari wa bluu, imeegemezwa kwenye magogo nyuma karibu na ukuta, pembeni ya katamarani yenye mlingoti uliovunjika. Jina nitakutumia inboksi. Asante kaka.

Dereva_Malaba:
Tuma. Na yule anayeuza mwambie hela iko benki, wanasumbua.