Nimeomba picha ya kibao, wamenitumia picha ya MTI

Wakuu leo salamu hakuna, nitasalimia kesho nikishapoa. Mlioko huku Uingereza hawa jamaa wa kampuni binafsi za paking mnawajua sina haja ya kuwataja, wale wa bahasha zenye maandishi mekundu, wenye kamera kila uchochoro, gari likikohoa tu wameshaandika. Nimewaomba picha ya kibao chao cha masharti ya kuegesha wamenitumia picha ya mti. MTI. Una shina una matawi una majani, ningekaza macho ningemwona na ndege.

Ilikuwa hivi, mwezi wa tatu nilipeleka sufuria la pilau kwenye arobaini ya mzee wetu mmoja hapa Reading nikaegesha ile paking ya nyuma ya maduka, nikalipa saa nzima kwa apu, £2.40, risiti ninayo mpaka leo. Apu yenyewe ilizunguka weee ndio ikakubali kadi, na kutoka nako foleni maana njia ni moja tu. Sasa kamera yao haijui umeegesha saa ngapi, inajua umeingia getini saa ngapi na umetoka getini saa ngapi. Dakika 74. Wakaniletea £100, nikilipa ndani ya siku 14 wanachukua 60. Nilipe nini tena na nimeshalipa? Nikakata rufaa kwao wakakataa. Zikaanza barua za wakusanya madeni, 100 ikawa 170, nikiuliza hiyo 70 ya kazi gani kimya. Barua hii inakubembeleza kama shangazi, ijayo inataka kukunyonga. Mwisho ikaja yenyewe, ya mawakili, ile dimandi ya kabla ya mahakama, jibu ndani ya siku 30 la sivyo tunafungua kesi.

Mama watoto akasema lipa tulale. Nikasema silipi hata tukeshe. Siku mbili nimekaa mezani nimejaza ile fomu ya majibu inayokuja na barua, nimeweka tiki kwenye deni silitambui, nikaandika na maelezo kurasa nne, nikaomba vitu vitatu tu: mkataba wao na mwenye eneo, mchanganuo wa hiyo £70, na picha ya kibao chao kwenye ile kona maana pale kibao sikukiona. Nikatuma kwa imeli nikatuma na kwa posta nikachukua stakabadhi.

Leo saa nne asubuhi jibu hilo. Mkataba eti siri ya kibiashara. £70 wameiruka kama dimbwi la maji. Picha ipo, moyo ukadunda nikasema haya tuone. Nafungua, mti. Imepigwa usiku, tawi limeinama, nyuma ya tawi kuna kitu cha njano kimechungulia kama kona ya kitenge. Na chini yake wameandika, natafsiri kama ilivyo, "Ushahidi ulioambatanishwa unajieleza wenyewe." Unajieleza nini??? Mti unasema nini?! Nimemwita mwanangu wa mwisho ana miaka sita, nikamwambia baba angalia hapa unaona nini, akasema mti. Mtoto wa miaka sita anaona mti, wakili aliyesoma miaka yote ile anaona kibao!

Halafu wananipa siku 14 eti wanakwenda mahakamani. Na huo mti wao. Mikono inatetemeka hapa naandika, samahanini kwa makosa.

----

Chuma_Chakavu: Pole mkuu ila kurasa NNE kwa ajili ya dakika 14? Ungekuwa unaandika hivyo wakati wa shule saa hizi ungekuwa wewe ndiye jaji

Mzee_wa_Slough: Potezea tu kijana. Mimi hizo barua ninazo kumi na moja tangu mwaka juzi, mke wangu anafungia maandazi

BintiUnguja: Kaka huyo mzee mpe shikamoo yake lakini ushauri wake uache hapohapo. Kwanza hiyo si faini, faini inatoka halmashauri au polisi, hiyo ni kampuni binafsi inadai chake. Barua za wakusanya madeni kweli hazina meno, wale si madalali wa mahakama, hawachukui hata kijiko chako. Lakini dimandi ya kabla ya kesi na zile karatasi za mahakama zinazotoka Northampton hazipotezewi. Ukinyamaza wanapewa hukumu wewe hujafungua mdomo, na usipoilipa ndani ya mwezi mmoja inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6, mogeji, yaani mkopo wa nyumba, utaisikia kwa wenzio. Karatasi za mahakama zikija una siku 14, ukijibu tu kwamba umezipata unaongezewa muda mpaka 28 wa kuleta utetezi. Hukusema popote kwamba dereva ni wewe? Sheria ya 2012 inawaruhusu kumdai mwenye gari lakini kwa masharti, kama hawakuweka karatasi kwenye kioo basi notisi inatakiwa imfikie ndani ya siku 14. Yako ilifika ya ngapi?

Mleta uzi: Ilifika siku ya tisa dada. Na dereva sikumtaja, kurasa zote nne nimeandika "gari liliegeshwa". Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni mti. Yaani mtu mzima ameketi ofisini, amefungua faili langu, ameangalia mti, akasema huu hapa mtumieni

Chuma_Chakavu: Barua umeandika "gari liliegeshwa" halafu hapa mbele ya dunia nzima "nilipeleka sufuria la pilau" 😂😂😂 mawakili msomeni huyu

Mleta uzi: Acha utani watu tuna presha

Msomi_Nusu: Watakurushia kesi ya Beavis hiyo jiandae nayo. Mahakama ya Juu 2015, paking ya Chelmsford, bure masaa mawili jamaa akazidisha dakika 56, wakamdai £85 akapigana mpaka juu kabisa akashindwa. Lakini soma vizuri, walisema vibao vilikuwa vingi, vikubwa na vinasomeka, ndipo wakasema dereva alikubali masharti. Sasa wewe kibao chako kiko nyuma ya majani. Hiyo picha itunze kama hati ya nyumba. Na utaratibu wao wenyewe unakupa angalau dakika 10 baada ya muda uliolipia kwisha, toa hizo kwenye 14 uone kimebaki nini, na hapo hujahesabu foleni na apu

Mleta uzi: Si ndio ninachosema!!! Wamenitumia ushahidi wa kunitetea MIMI halafu wananiambia unajieleza wenyewe! Ndiyo unajieleza! Unasema hakuna aliyekata matawi!

Kamau_Ruaka: Nyinyi mnalia picha? Huku Nairobi unaingia kununua chai dakika tatu ukitoka gari imefungwa mnyororo na jamaa amekaa kando anakula mahindi, ukimuuliza hata haachi kutafuna. Hakuna barua, hakuna siku 30, ni hapo hapo

Msomi_Nusu: Huku minyororo kwenye maeneo binafsi ilipigwa marufuku 2012, ndipo wakahamia kwenye bahasha

Kamau_Ruaka: Afadhali bahasha, bahasha unaweza kuwashia jiko

Temeke_Mikoroshini: Mimi Dar gari nimeuza miaka miwili iliyopita na meseji za deni la maegesho bado zinaingia kwangu. Jana imeingia nyingine niko msibani. Aliyenunua nikimpigia anasema kaka nitalipa Ijumaa. Ijumaa gani hiyo ambayo haifiki?

BintiUnguja: Hukubadilisha jina kwenye kadi?

Temeke_Mikoroshini: Alisema atabadilisha yeye

Mzee_wa_Slough: Hapo umeliwa mwanangu

Mama_Zuhura_Leicester: Bora nyie wa magari. Mwenye nyumba wangu amekata £400 kwenye dipoziti eti nimechafua ukuta, ukuta una ukungu tangu siku naingia na picha nilimtumia, mtoto wangu kakohoa msimu mzima wa baridi, leo anasema ukungu ni kwa sababu napika sana. Napika sana! Nisipike watoto wale nini?

BintiUnguja: Mama Zuhura hiyo dipoziti aliiweka kwenye skimu ya kulinda dipoziti? Alitakiwa aiweke ndani ya siku 30 tangu umpe hela na akupe na karatasi zake

Mama_Zuhura_Leicester: Karatasi gani mwanangu, nilimpa mkononi akaandika kwenye daftari

Msomi_Nusu: Weee. Daftari?

Mleta uzi: Jamani nirudishe kidogo kwenye hoja, nimeikuza ile picha kwenye kompyuta, ule mti una na kiota

Chuma_Chakavu: Mwite ndege awe shahidi mkuu, na pilau umpelekee

BintiUnguja: Kaka andika jibu fupi, safari hii ukurasa mmoja, waambie picha waliyoleta haionyeshi masharti, mkataba hawajaleta, £70 hawajaieleza, halafu tulia usubiri Northampton. Mama Zuhura kama hakuiweka kwenye skimu unaweza kumdai mpaka mara tatu ya hiyo dipoziti. Ulilipa ngapi jumla?

Mama_Zuhura_Leicester: £750

Kamau_Ruaka: Mara tatu?? Mama wewe ni tajiri na hujui

Msomi_Nusu: Mama fungua uzi wako, hii ni kubwa kuliko mti

Mama_Zuhura_Leicester: Sijui kufungua. Niandike hapahapa?

Mzee_wa_Slough: Andika hapahapa, watu wameshajaa