Mjadala: Je, Zhang Yimou amegeuka msanii wa serikali?

Ndugu wasomaji, kila anapotajwa mwongozaji wa filamu wa China, Zhang Yimou, hudaiwa kwamba alianza kwa kuwasemea wanyonge na akaishia kuwa mpambaji wa sherehe za serikali. Wanaodai hivyo hutaja filamu ya Hero ya mwaka 2002, ambamo muuaji aliyekusudia kumuua mfalme wa Qin anaghairi kwa kuwa mfalme huyo ndiye atakayeiunganisha nchi, na pia ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alioungoza yeye, ambapo wapiga ngoma 2,008 walipiga kwa pamoja. Mimi naipinga hoja hiyo, ingawa kuhusu Hero nakiri kwamba mwisho wake unanikera, kwa sababu unampa mtawala udhuru asioustahili.

Ninachokataa ni kuigawa kazi ya maisha yake mafungu mawili, la ujasiri na la utumishi. Zhang ni mtoto wa ofisa wa jeshi la Guomindang, chama kilichoshindwa na Wakomunisti katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya miaka ya 1966 hadi 1976 iliyowaandama wasomi na waliohesabiwa kuwa maadui wa mapinduzi, alipelekwa kulima vijijini, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha nguo, na mwaka 1978 ndipo alipopokewa katika Chuo cha Filamu cha Beijing, akiwa ameshapita umri uliowekwa. Kipindi hicho hakukisahau. Katika To Live ya mwaka 1994, binti asiyeweza kusema anajifungua katika hospitali iliyoachwa mikononi mwa wanafunzi, kwa kuwa madaktari wamekamatwa. Profesa anayetolewa kizuizini ili asaidie ana njaa kali. Analishwa mikate, anakula saba, anapewa maji, mikate inaumuka tumboni, na binti anapoanza kuvuja damu profesa hawezi hata kusimama. Hakuna hotuba yoyote katika tukio hilo, na halihitaji hotuba. Filamu ilipata Tuzo Kuu ya Majaji huko Cannes, na nchini mwake ikapigwa marufuku.

Mwaka 2019, baada ya Hero na baada ya Olimpiki, alirudi kwenye kidonda hichohicho kwa filamu ya One Second, inayomhusu mfungwa aliyetoroka kambi ya kazi ngumu ili autazame mkanda wa habari ambamo binti yake anaonekana kwa sekunde moja tu. Iliondolewa katika tamasha la Berlin siku chache kabla ya kuonyeshwa, kwa maelezo kwamba kulikuwa na sababu za kiufundi, ambayo wengi waliyaona kuwa kisingizio cha udhibiti wa serikali, na watazamaji wa China waliiona mwaka 2020.

Najua nitajibiwa kwamba mwaka 2022 aliongoza tena ufunguzi wa Olimpiki, safari hii ya majira ya baridi. Ni kweli, na sina haja ya kumtetea katika hilo. Hata hivyo, anayetaka kunipinga namwomba aanze na One Second, atueleze ni kwa namna gani filamu hiyo inaitumikia serikali iliyoichelewesha.