Beetle ya 1972: ikiwa baridi inawaka, ikipata moto stata inalia "tak" tu

Mwana wa Mwalimu, Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1972, volti 12, niliyoachiwa na marehemu baba. Alifundisha Muheza miaka mingi na gari hili ndilo lililotupeleka shule sote, kwa hiyo msiniambie niuze.

Asubuhi nikigusa ufunguo tu linawaka. Nikienda Ngamiani, nikazima dakika kumi, nikirudi nasikia "tak" moja kwa nyuma halafu kimya. Nikisubiri nusu saa linawaka kama vile hakuna kilichotokea. Mafundi wawili wamesema stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, imekufa. Tulibadilisha mwezi wa tatu, na hii mpya nayo ni yale yale. Betri ina miezi mitano. Sasa kila niendapo natafuta mteremko wa kuegesha, na mke wangu ameacha kuliendesha.

La pili ni dogo: tairi la spea linaishiwa upepo. Nikilijaza, siku ya pili limelala. Nimelitoa nikalizamisha kwenye beseni, sikuona hata povu moja.

Kijana wa Gereji
Mkuu, tafuta stata ya mtumba iliyotoka kwenye gari zima. Mpya za siku hizi hazidumu.

Babu Spana, Moshi
Kijana wangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Usinunue stata ya tatu.

Tazama njia ya umeme. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Umeme wa kuiamrisha stata unakwenda mbele hadi swichi ya ufunguo, kisha unarudi nyuma tena hadi solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Waya wenyewe una miaka hamsini. Injini ikichemka, koili ya solenoidi nayo inapata joto, inapitisha umeme kidogo na kuvuta kwa unyonge.

Lakini anza na arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Injini na giaboksi vimekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme unarudi kwenye bodi kupitia mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa. Huko kwenu Tanga chumvi inautafuna. Chomoa waya wa koili ya plagi gari lisiwake, weka gia huru, vuta hendibreki. Ncha moja ya mita ya volti ishike hasi ya betri, nyingine chuma kitupu cha giaboksi, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, mkanda ndio mgonjwa. Ukitaka kuufungua, ng'oa kwanza hasi ya betri.

Ikibaki shida, weka rilei, yaani swichi ndogo inayoamshwa na umeme, karibu na stata. Waya wa zamani wa ufunguo uamshe rilei, na solenoidi ipate umeme wake kutoka kwenye nati kubwa ya stata hapo hapo, kupitia rilei.

Bibie wa Kisauni
Ndugu yangu, tairi lako zima. Ulipolizamisha ulikuwa ushatoa ule mpira mwembamba uliofungwa kwenye valvu yake, ndiyo maana hukuona povu. Beetle haina pampu ya maji ya kuoshea kioo; upepo wa spea ndio unaosukuma maji. Mle njiani mna valvu ya kufunga upepo ukishuka, tairi lisiishe kabisa. Kama linalala chapati, basi valvu hiyo au mpira umekufa. Pakaa sabuni kwenye viungo vyote uone.

Na ukishainua kiti cha nyuma, nakuomba uangalie kifuniko cha betri kama kipo. Mtu mzito akikaa, springi za kiti zinagusa ncha za betri na kiti kinashika moto. Usiwapakie watoto bila hicho kifuniko.

Mwana wa Mwalimu
Shikamoo Babu. Jana nimepima: volti 1.7! Nikaingia chini na tochi. Mkanda ulikuwa mweusi, na nilipoupinda ulinimwagia unga wa kijani kiganjani. Nyuzi nzima hazikufika robo. Nimenunua mwingine kwenye duka la spea za malori, nikapiga msasa pale unapokaa, bodi na giaboksi, mpaka chuma kikang'aa, kisha nikapaka grisi. Sasa mita inasoma 0.2.

Ngamiani nilizima na kuwasha mara nne, halikugoma. Ila leo mchana, kutoka Muheza na jua kali, pale Pongwe likatoa "tak" moja, la pili likawaka. Kwa hiyo rilei naifunga Jumamosi.

Bibie, kifuniko hakikuwepo. Nimekata kipande cha raba nene nikafunika, na mke wangu hakai nyuma mpaka nipate chenyewe. Ule mpira wa upepo ulikuwa umepasuka kwenye kona, karibu na chupa ya maji ya kioo. Nimeuchomoa, na tairi lina siku tatu halijashuka. Huo mpira hapo Mombasa mnaupata wapi?